Siku Kukhu Alipopanda Boti la Mpira

Juzi nilisimama kwa fundi wa pancha mjini Kitale nikimngoja amalize tairi la gari langu. Akatoa tyubu, akaijaza upepo, akaizamisha kwenye karai la maji machafu ili aone mahali inapovuja. Harufu ya mpira uliolowa ikanipanda puani, na kabla sijajua, nilikuwa nimeketi juu ya kreti ya soda. Fundi aliniuliza kama nina ugonjwa wa sukari. Nikamwambia hapana, nimekumbuka tu mambo ya zamani, akacheka na kuendelea na gundi yake.

Nyinyi wa rika langu, mliokunywa maziwa ya shule na kuvaa sandaki za plastiki zilizowachoma nyayo jua likiwaka, mnajua tulivyolelewa. Hatukuelezwa mambo. Tuliambiwa, "Tokeni hapa, wakubwa wanaongea," tukatoka, na huko nje tukajieleza wenyewe. Mimi nilikuwa msichana bingwa wa kujieleza. Nikishaamua jambo ni hivi, hata ungeniletea mashahidi, sirudi nyuma. Na jambo nililokuwa nimejieleza kwa muda mrefu kuliko mengine yote ni kwamba baba yangu na Kukhu, mama yake Mama, walikuwa maadui.

Ushahidi nilikuwa nao. Kukhu aliishi upande wa Naitiri, mahali ambapo asubuhi unausikia mto Nzoia kabla ng'ombe hawajaanza kulia. Tukienda kumtembelea, Baba alikohoa langoni, na papo hapo Kukhu akatoka kwa mlango wa jikoni na kwenda kusimama migombani mpaka Baba apelekwe kwenye nyumba ya mjomba wangu, Khocha Barasa. Huko ndiko alikokula, peke yake au na Khocha. Wakikutana njiani, Kukhu aliingia ndani ya mahindi na kumpa mgongo, na Baba naye akainamisha kichwa na kupita haraka. Kukhu akija Kitale kutuona, hakuingia kwetu. Alikunywa chai kwa jirani, Mama akampelekea huko mtoto ambebe, na kabla Baba hajatoka kazini kwenye ghala la mbegu, Kukhu alikuwa ameshaondoka. Hakuwahi kulala kwetu hata usiku mmoja.

Sasa, kwenye ploti yetu ya nyumba za kupanga kulikuwa na wanawake wawili waliogombana kwa sababu ya kamba ya kuanikia nguo. Hao nao walipokutana mlangoni waligeuziana nyuso hivyo hivyo. Kwa hiyo nilijua maadui wanavyofanya. Kilichonisumbua ni kujua Baba alimkosea nini Kukhu. Nilimpenda Baba, lakini kuna jioni nilimtazama akimega ugali nikajiuliza ile mikono ilifanya nini.

Khocha Barasa alikuwa kitinda mimba wa Kukhu. Alikuwa amefanya kazi miaka kadhaa kwenye mto Tana, akiwaongoza watalii wanaotaka kurushwarushwa na maji katika boti za mpira. Aliporudi nyumbani alikuja na boti moja kuukuu lililojaa viraka, makasia, kofia ngumu, na majaketi ya kuelea ya rangi ya chungwa yaliyofifia. Alisema wakati wa likizo ya Krismasi atakuwa anazipeleka familia kwenye Nzoia, wazee kwa watoto, polepole, mahali pasipo na hatari. Watu walimcheka mpaka wakalia. "Ati mtu atoke kwake aende kutafuta maji yamtingishe?" Kukhu peke yake hakucheka. Alijua mtoto wake hana shamba wala kazi nyingine, na kwamba boti hilo likishindwa atarudi Tana, na pengine safari hii asirudi tena.

Wateja wa kwanza walikuwa Baba Kamau na Mama Kamau, wenye duka kule Kachibora, pamoja na kijana wao wa umri wangu. Boti likiwa jepesi maji hulichezea, kwa hiyo Khocha akatuomba sisi tujaze nafasi zilizobaki, na zaidi ya wote akamtaka Baba, aliyekuwa mzito na mwenye mabega ya kubeba magunia. Baba aliuliza swali moja tu, kama Kukhu atakuwepo. Khocha akamwambia Kukhu atabaki ukingoni kuomba, kisha atarudi nyumbani kupika.

Asubuhi ya siku hiyo mto ulikuwa mwekundu na umejaa. Mvua ilikuwa imenyesha kwenye vilima vya Cherangany. Khocha alitazama maji kwa muda mrefu akiuma kucha, halafu akatuvisha majaketi na kutufundisha tukiwa bado kwenye nyasi.

"Nikisema piga, kira mtu anapiga maji na kasia. Nikisema acha, mnaacha. Na nikisema chini, hapo hakuna mjadala. Unaacha kukaa huku juu kwa mpira, unateremka katikati, mnashikana wote pamoja. Hata kama ni nani. Sawa?"

Tukajaribu. Alipopaza sauti kusema chini, sote tulijirusha katikati, magoti ya Mama mgongoni kwangu, kiwiko cha Baba Kamau shingoni mwa Baba, tukawa fungu moja la watu. Kukhu alikuwa amesimama mbali chini ya mti, ametupa mgongo nusu, na nikamwona akicheka ndani ya leso yake.

Basi tukapanda. Baba akawekwa mbele. Mama Kamau ndiye aliyebaki nchi kavu, mguu mmoja ndani ya maji.

"Huyo mama anayeomba pale ni nani?"

"Ni mamangu," Khocha akasema.

"Na yeye haingii?"

"Yeye ni mzee, mama."

"Si ulituambia ni safari ya familia? Ukasema hata shosho wa mtu, bibi mzee, anaweza. Kama iko salama, wacha mama yako aingie. Yeye akiingia, na mimi naingia. Asipoingia, mimi na mtoto yangu tunarudi Kachibora."

Baba Kamau alitazama kasia lake. Khocha akaenda chini ya ule mti. Sikusikia waliyosema, lakini nilimwona Kukhu akitazama boti, akitazama mahali Baba alipoketi, na akitikisa kichwa. Khocha alizidi kuongea, mikono yake yote miwili ikiwa wazi mbele yake. Mwishowe Kukhu akafunga leso kichwani, akaivuta mpaka machoni, na kuja.

Baba alipomwona anakuja aliinuka ili ashuke. Boti likayumba. Mama Kamau akarudisha ule mguu wake mara moja.

"Na huyu mwanaume anashuka kwa nini? Kuna nini hapa?"

"Shemeji, tafadhali," Khocha alisema kwa sauti ya chini. "Ukishuka na wao wanaenda. Mimi nitamweka nyuma kabisa, karibu na mimi. Hutamwona."

Baba alibaki amesimama, jasho likimtoka asubuhi ile ya baridi. Akamtazama Mama. Mama akatazama maji. Ndipo akaketi tena, akageuza uso mbele na kushikilia kasia kwa nguvu nyingi mno. Mimi na kijana wa Kachibora tukaambiwa tukae katikati, Mama na mdogo wangu nyuma yetu, wale wa Kachibora upande mwingine. Kukhu akaketi nyuma, juu ya mpira wa pembeni kabisa, akiangalia tulikotoka. Jaketi lilikuwa kubwa, na akakataa Khocha amkaze mikanda juu ya gauni lake. Kwa hiyo Baba alitazama mbele, Kukhu akatazama nyuma, na mimi nikajisemea kwamba hawa watu wanachukiana hata juu ya maji.

Mwanzoni mto ulitubeba vizuri. Ng'ombe wa watu walituinulia vichwa kutoka ukingoni, watoto wakakimbia kando yetu wakipiga kelele, na hata Mama Kamau akaanza kuimba pambio. Mimi sikuimba. Nilikuwa na kazi ya kumtazama Baba, kisha kugeuka na kumtazama Kukhu, mpaka shingo ikaniuma.

Kisha sauti ya maji ikabadilika. Nilikuwa nimesikia habari za maporomoko ya Nabuyole kule Webuye, nikaamini tumefika, ingawa yalikuwa mbali kabisa. Kumbe yalikuwa mawe tu, na maji yakiruka juu yake. Khocha akasema, "Chini," na sote tukateremka, tukashikana, boti likainama na kuinuka, maji baridi yakatumwagikia, tukapita. Watu wakacheka. Nilipogeuka nilimwona Kukhu bado yuko juu ya mpira, amekamata kamba kwa mikono yote miwili.

"Mama," Khocha alisema, "nikisema chini ni chini."

"Huko chini kuna mtu," Kukhu akajibu.

Maneno hayo yaliniingia vibaya. Mtu. Hata jina lake hakutaka kulitaja. Nikaona mgongo wa Baba ukikaza, kwa hiyo na yeye alikuwa amesikia.

"Nyinyi watu wa huku," Mama Kamau alianza kusema, lakini hakumaliza, kwa sababu Khocha alikuwa ameshasimama akiangalia mbele. Hapo ndipo nilipoogopa kweli. Mpaka wakati huo aliliongoza boti akiwa ameketi.

Alisema piga, tukapiga. Alisema piga tena, sauti ikapanda. Kisha akasema, "Chini," na watu wote wakajirusha katikati, na mara hii Baba alijirusha wa kwanza, akajikunja kabisa mbele, akajifanya mdogo kadiri alivyoweza, uso umefukiwa kwenye mpira. Sasa najua alikuwa anampa Kukhu nafasi. Nafasi ilikuwepo. Ilikuwa ndogo, miguu yake ingegusa miguu ya Baba, lakini ilikuwepo. Kukhu aliitazama na hakuteremka.

Boti liligonga jiwe, likazunguka na kukwama kwa ubavu, ile sehemu ya mbele ikielekea tena upande wa chini wa mto. Nilisikia Mama akimwita mama yake, "Mayi." Nilipoinua kichwa, mahali pa Kukhu palikuwa patupu.

Khocha alikuwa ametia kasia lake refu kati ya boti na jiwe, akilizuia lisipinduke, mishipa ya shingo imemtoka. "Kira mtu akae pale alipo," akasema. "Mtu akisonga tunapinduka. Shemeji, anakuja kwako. Shemeji, ni wewe."

Maji yalikuwa yanamleta Kukhu kando ya boti. Leso yake ilikuwa imeshakwenda, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu niliona kichwa cha Kukhu hakina kitu, nywele nyeupe na chache. Jaketi ambalo halikukazwa lilimpanda mpaka masikioni na kumfunika mdomo. Gauni lilikuwa limeinuka majini. Baba alilala kifudifudi juu ya mpira, akanyoosha kasia lake mpaka kwa Kukhu, na akageuza uso pembeni.

Mtu mzima yeyote wa kwetu angejua anachokiona. Mimi niliona mwanamume ameelekeza mti kwa mwanamke anayezama, na hataki hata kumtazama. Niliona Kukhu ameshika ile ncha, na kasia likitikisika kwenda mbele na kurudi, na kila lilipokwenda mbele kichwa chake kilizama. Khocha alikuwa anamsihi mama yake kwa lugha yetu asogeze mkono, ashike karibu zaidi, apande. Hakusogeza. Mikono yake ilibaki pale pale mwisho wa kasia, mbali kabisa na mikono ya Baba.

"Baba, usimsukume." Sijui sauti ile niliitoa wapi. "Baba, usimuue Kukhu. Mwache Kukhu. Usimuue."

Baba aligeuka. Hakumtazama Kukhu, alinitazama mimi. Mpaka leo sijaona tena uso kama ule, na nimeona watu wakipewa habari za misiba. Alinitazama, midomo ikiwa wazi, halafu akaliachilia kasia. Mto ukalibeba. Akajitupa nje ya boti mpaka kiunoni, Baba Kamau akamkalia miguu, na kwa mikono yote miwili akamkamata Kukhu penye nyama ya mkono, kisha makwapani, kisha kiunoni, akamkumbatia na kumvuta. Wakaangukia wote ndani ya boti, Kukhu juu yake, kichwa chake kitupu kifuani pa Baba.

Mama Kamau alimshukuru Yesu kwa sauti. Hakuna mtu wa kwetu aliyeitikia. Mama alikuwa amefunika macho ya mdogo wangu. Kukhu alikohoa maji, akakaa, akafunika uso kwa viganja, na Mama akavua sweta na kumtupia kichwani.

Khocha alilitoa boti kwenye jiwe, tukateremka mpaka mahali maji yalipotulia. Hapo Baba akashuka bila kuaga, maji yakimfika kifuani, akatembea mpaka ukingoni. Sehemu iliyobaki mpaka darajani, ambako pikapu ilikuwa inatungoja, sisi tuliteremka na mto na yeye alitembea kando yake. Nilimwona akitokeza kati ya mashamba, akipotea, akitokeza tena, kofia ngumu bado kichwani. Niliamini anakimbia kwa sababu nimemfichua. Niliamini akifika darajani atakamatwa, na nikaanza kumlilia, kwa kuwa sikutaka baba mwingine.

Nyumbani kwa Kukhu chakula kilikuwa hakijapikwa, maana mpishi alikuwa mtoni. Kuku akachinjwa. Baba hakwenda kwenye nyumba ya Khocha kama kawaida. Aliketi nje, amelipa mgongo ghala la mahindi, nguo zikimkaukia mwilini, na watu wakapita mbali naye. Mama alinivuta jikoni, akaniketisha kwenye kigoda na kuniuliza ni kitu gani kile nilichosema.

Nikamweleza yote. Migomba, mahindi, chai kwa jirani, wale wanawake wa kamba ya nguo. Mama alisikiliza huku kipande cha kuni kimemsahaulika mkononi.

"Hao hawachukiani," akasema mwishowe. "Yule ni mkwe wake. Mkwe hamgusi mama mkwe wake, hamwangalii kichwa wazi, hawakai mahali pamoja. Ni heshima. Kukhu wako anamheshimu baba yako kuliko anavyomheshimu pasta."

"Na lile kasia?"

"Alikuwa anamwokoa na kasia ndiyo asimshike. Huoni hata uso alikuwa amegeuza?"

"Basi mbona akamshika?"

Mama alikitia kile kipande motoni. "Ungekuwa wewe, mtoto wako akuite muuaji mbele ya watu, ungefanya nini?"

Nyuma ya pazia, Kukhu alikuwa anabadilisha nguo. Alikuwa amesikia kila kitu. Alitoka akiwa na leso nyingine kichwani, macho mekundu, mkono wa kushoto umevimba mahali vidole vya Baba vilipomkamata. Akachukua sahani ambayo Mama alikuwa amempakulia Baba. Mama akataka kumpokonya, kwa kuwa si yeye wa kuipeleka, lakini Kukhu akampita. Akaenda mpaka mlangoni, akaiweka sahani kizingitini, akasimama ameutazama mwimo wa mlango na kusema na mtu wa nje. Nilikuwa sijawahi kumsikia akisema naye.

"Wewe uliye hapo kwa ghala, sikia. Mimi nilikuwa nimechagua maji. Nilikuwa naachilia lile kasia. Ni wewe umekataa."

Baba hakuinua kichwa. "Mama, nimekukosea," akasema. "Nitaleta kondoo. Nitaleta blanketi. Chochote wazee watasema."

"Utaleta," Kukhu akajibu. "Rakini leo kula, mtoto wangu."

Akarudi ndani upesi, akapita jikoni akatoka kwa ule mlango mwingine, na nikamwona akielekea migombani huku mabega yakimtikisika. Sahani ikabaki pale chini. Mama akanisukuma mgongoni. Nikaibeba kwa mikono miwili, nikavuka uwanja nikiwa na hofu kubwa kuliko niliyokuwa nayo mtoni, nikaiweka mbele ya Baba. Miguu yangu ilikataa kuondoka. Baba alikuwa analia. Hakujificha, wala hakupangusa.

Alinawa, akamega ugali, akaula kidogo kidogo. Kisha akapekua mchuzi kwa kidole mpaka akapata firigisi. Kwetu firigisi ni ya mwanamume, ya mgeni wa heshima. Msichana haionji, hata akiwa peke yake jikoni na hakuna anayemwona. Akaipasua katikati na kunipa nusu yake.

Nilitazama nyuma, kule jikoni, kama kuna mtu ananiona.

"Kula tu," Baba akasema. "Leo tumeshavunja mengi."

Nikala.